Mtoto Aliyeokoka na Wale Walioachwa Majini

Usiku wa tarehe 17 Septemba 1940, mbali na pwani ya Uingereza katika bahari ya Atlantiki, meli ya abiria iliyoitwa City of Benares ilipigwa topedo na nyambizi ya Kijerumani, ikazama katika muda wa nusu saa hivi. Miongoni mwa waliosafiri nayo walikuwamo watoto 90 waliokuwa wakipelekwa Kanada kwa mpango wa serikali yao, ili waepushwe na mabomu yaliyokuwa yakiiangukia miji ya Uingereza. Watoto 77 kati yao hawakuiona nchi kavu tena. Wavulana sita, wenye umri wa kati ya miaka 9 na 13, walijikuta katika mashua ya kuokolea namba 12 pamoja na watu wengine 40, wakakaa humo siku nane, wakigawiwa biskuti kavu, samaki wa kopo na maji ya kulowesha ulimi tu, mpaka ndege ya doria ilipowaona na manowari ikaja kuwachukua.

Mwanamke pekee katika mashua hiyo alikuwa mwalimu wa muziki, Mary Cornish. Mchana aliwasugua watoto mikono na miguu ili baridi isiwagandishe, na ilipofika jioni aliwatungia visa vya mpelelezi shujaa, akavikatiza pale shujaa alipokuwa taabani, akawaahidi kwamba yaliyobaki watayasikia kesho. Kila ninapozifikiria riwaya za kihistoria za watoto zinazosimulia maafa ya baharini, fikra zangu huanzia katika mashua hiyo, kwa sababu humo hadithi iligawiwa pamoja na maji na biskuti, na mtoto aliyetaka kujua mpelelezi kanusurika vipi alikuwa na sababu moja zaidi ya kuifikia kesho.

Aina hii ya uandishi imeota mizizi mirefu katika nchi za Magharibi. Mwandishi huchukua meli ya kweli, tarehe ya kweli, hali ya hewa na idadi ya mashua kama zilivyoandikwa katika kumbukumbu, kisha humpandisha melini mtoto wa kubuni, mwenye mdogo wake wa kumshika mkono na siri fulani mfukoni. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba meli itazama. Asilojua ni nani atakayetoka, na kwa njia gani, na hapo ndipo mvuto wote ulipo. Naziheshimu riwaya za namna hii. Zimewafundisha watoto wengi kusoma historia kwa mapigo ya moyo kabla hawajaisoma kwa kukariri miaka, na zimewapa nafasi ya kuionja hofu iliyo na mwisho, jambo ambalo mtoto hulihitaji kuliko tunavyokubali sisi watu wazima.

Hata hivyo nina shaka nayo moja, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Katika riwaya nyingi za aina hii mtoto huokoka kwa sababu anastahili kuokoka. Ni mwerevu kuliko wenzake, alikwishachunguza ngazi za meli kwa udadisi wake, hakusikiliza wakubwa waliomwambia arudi chumbani, na alipoona wenzake wanalia yeye alijikaza. Sura ya mwisho inapofika, kuokoka kumegeuka kuwa tuzo. Mwandishi anaweza asikusudie hivyo, lakini msomaji wa miaka kumi hukamilisha hesabu peke yake: kama aliyeokoka aliokoka kwa ushujaa, basi waliokufa walipungukiwa na ushujaa.

Kumbukumbu za kweli zinasema jingine kabisa. Ripoti ya uchunguzi wa Uingereza juu ya Titanic, iliyozama tarehe 15 Aprili 1912, iliwahesabu watoto kwa daraja la tiketi. Watoto wote 24 wa daraja la pili waliokolewa. Daraja la tatu lilikuwa na watoto 79, na walionusurika ni 27. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba watoto wa daraja la tatu walikuwa waoga au wazito wa kufikiri. Vyumba vyao vilikuwa mbali na sitaha yenye mashua, na mashua zenyewe zilikuwa 20 zenye nafasi za watu 1,178 katika meli iliyochukua watu wapatao 2,200, hesabu ambayo kanuni za wakati ule ziliiridhia. Riwaya ya mtoto inayosimulia usiku ule bila kumwonyesha msomaji umbali uliokuwapo kati ya kitanda cha daraja la tatu na mashua ya kwanza imemnyima jambo ambalo lingemsaidia kuielewa dunia anayoishi.

Kisa cha City of Benares kinafundisha zaidi, kwa kuwa sababu zake ni ndogo ndogo na zimefungamana. Manowari iliyousindikiza msafara wa meli ambamo Benares ilikuwamo iliondoka muda mfupi baada ya usiku wa manane wa kuamkia tarehe 17, kama ilivyopangwa, ili ikaulaki msafara mwingine, na topedo ikapiga usiku uliofuata. Bahari ilikuwa imechafuka, mashua nyingine zikajaa maji au kupinduka zilipokuwa zikiteremshwa. Manowari Hurricane ilipofika siku ya pili iliokota zaidi ya watu 100. Katika kuokota huko iliichukua pia mashua ya meli nyingine iliyozamishwa katika msafara ule ule, ikaihesabu kuwa ya Benares, ikaamini kwamba hesabu imetimia, ikaondoka. Mashua namba 12 ilikuwa ingali ikielea upande mwingine wa bahari hiyo hiyo. Wavulana wale sita waliwekwa majini siku nane na kosa la kuhesabu, na wazazi wao walikuwa wamekwisha kupewa habari za msiba.

Nilipata kuwasimulia kisa hiki watoto wachache wa jamaa zangu, nikitarajia wataniuliza habari za papa au za nyambizi. Aliyeinua mkono kwanza, msichana wa darasa la tano ambaye kila likizo huvuka bahari kwenda kwa bibi yake, aliuliza mashua namba 12 ilikuwa imewekewa maji ya kunywa ya siku ngapi, na ni nani aliyekuwa na kazi ya kuyaweka. Swali hilo lilinifumbua macho. Mtoto aliyezoea kusafiri majini anataka kujua mambo yanavyoendeshwa: nani anahesabu abiria, nani anaonja upepo, majaketi okozi yamefungiwa wapi na ufunguo uko kwa nani. Riwaya itakayomjibu haitapungua utamu hata chembe. Naamini itazidi, kwa sababu hofu inayotokana na kufuli lililofungwa humwingia msomaji kuliko hofu ya wimbi lenye urefu wa kubuni.

Sisemi kwamba ushujaa uondolewe vitabuni. Wasichana wawili wa City of Benares waling'ang'ania mkuku, yaani uti wa chini, wa mashua iliyopinduka usiku kucha na sehemu kubwa ya siku iliyofuata, mawimbi yakiwabamiza kwenye mbao, mpaka wakaokolewa. Ni jambo la kustaajabisha, na lisimuliwe kwa urefu wake wote. Lakini watu wengine nao walikuwa wameushika mkuku ule ule, wakaachia mmoja baada ya mwingine kadiri baridi ilivyowamaliza nguvu, na nao walitaka kuishi kwa kiasi kile kile. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kumbeza mtu anayehangaika bure. Mwandishi wa watoto anayeandika juu ya maafa ya baharini anapaswa kuirudisha methali hiyo mahali ilipotoka: kutapatapa huko kulikuwa juhudi ya mwisho ya mtu mwenye jina, mwenye wazazi wanaomngoja, na anastahili sentensi yake. Familia moja ya London ilikuwa na watoto watano katika meli ile na haikurudishiwa hata mmoja. Riwaya inayoshindwa kutua hapo, hata kwa aya moja, inakimbilia mwisho mwema kwa haraka isiyo na heshima.

Liko pia suala la nani anayeonekana. Katika mashua namba 12, zaidi ya watu 30 kati ya wale 46 walikuwa mabaharia kutoka Bara Hindi, ambao katika meli za Waingereza waliitwa lascar, neno lenye undugu na askari wetu. Walitoka nchi za joto, wakakutwa na baridi ya Atlantiki ya kaskazini wakiwa na nguo nyepesi, na wengi wa wenzao walikufa usiku wa kwanza. Kisa hiki kinaposimuliwa, wavulana sita wana majina, mwalimu ana jina, padri aliyekuwa nao ana jina, na mabaharia wale ni kundi tu. Najua kwamba mwandishi wa watoto hawezi kuwapa watu wote nafasi sawa, kwa kuwa msomaji mdogo huhitaji jicho moja la kutazamia. Lakini mtu aliyekaa siku nane akigusana goti na mtoto hawezi kukosa hata neno moja la kumwambia. Riwaya ya kihistoria ina ruhusa ya kubuni neno hilo, na ruhusa hiyo ndiyo inayoipa sababu ya kuwapo kando ya kitabu cha historia.

Hapa ndipo ninapokuja kwetu. Mwezi Februari 1944 meli SS Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Walio wengi walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana waliotoka katika makabila na makoloni mbalimbali, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, wakati baadhi yao wakiwa wamekusanyika kusikiliza muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo topedo mbili. Haikuchukua dakika tatu ikawa imezama. Watu 1,297 walikufa. Nyambizi ilijificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari Petard, iliyokuwa ikiulinda msafara, ikatupa mabomu ya kupasukia majini mahali hapo ili isiachwe iende ikazamishe meli nyingine.

Makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, yana mnara wenye majina ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi, na waliozama na Khedive Ismail wamo. Mtoto anaweza kusimama mbele ya majina hayo akayasoma kwa sauti bila kujikwaa, kwa sababu ni majina ya watu wa kwao. Mimi sijakutana na riwaya ya Kiswahili ya watoto inayompeleka msomaji kwenye sitaha ile, na ninaona hilo ni pengo kubwa. Fikiria tu mpiga baragumu wa miaka kumi na minane aliyedanganya umri, au msichana wa Machakos au Tabora anayepokea barua ya mwisho ya kaka yake, iliyoandikwa kwa mkono wa karani, wiki kadhaa baada ya kaka huyo kuzama. Mambo yote ambayo riwaya za Titanic zinayatafuta, yaani muziki kabla ya kishindo, tofauti za vyeo, na uamuzi mzito wa nahodha, yamo humo, na mengine zaidi, likiwamo swali ambalo watoto wa miaka kumi na miwili wanaweza kulijadili kwa ukomavu wa kushangaza: nahodha wa Petard alifanya sawa?

Kwa maafa yaliyo karibu zaidi, kazi ni nyeti zaidi. Meli MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imepakia abiria Bukoba na kuongeza wengine wengi katika bandari ya Kemondo. Walikufa zaidi ya watu 800. Meli hiyo ilielea kwa muda ikiwa juu chini, na watu waliokuwa hai ndani yake walisikika wakigonga chuma, na bati lake lilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiielesha ilitoka na meli ikazama moja kwa moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tume iliyochunguza ilibaini kwamba ilichukua watu zaidi ya 2,000, ilhali uwezo wake uliosajiliwa ulikuwa wa abiria mia sita na kitu. Kulipopambazuka, watu waliokotwa wakiwa wameshikilia magodoro na majokofu yaliyokuwa sehemu ya shehena.

Je, hiyo ni historia? Kwa mtu mzima wa Pemba ni jana. Lakini mwanafunzi anayeingia sekondari leo alikuwa hajazaliwa, au alikuwa akibebwa mgongoni, Spice Islander ilipozama, na MV Bukoba kwake ni jina analolisikia kila mwezi Mei. Habari anazopata ni vipande: picha ya meli iliyolala, idadi isiyofanana kila inapotajwa, na minong'ono ya wakubwa inayokatika anapoingia chumbani. Nafasi ya riwaya ni hiyo hasa. Wapo wazazi wanaoona kwamba kumsimulia mtoto habari za kuzama ni kumtia hofu ya safari asizoweza kuziepuka. Nawaelewa, na wengi wao wanasema hivyo kwa uchungu wa waliyoyapoteza. Lakini mtoto wa visiwa vya Ukara au Ukerewe katika Ziwa Victoria anajua kwamba MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa gati, na kwamba walikufa watu 228. Hofu hiyo anayo tayari. Kinachokosekana ni mpangilio wa mambo yaliyotokea, kwa lugha anayoielewa, kutoka kwa mtu aliyekaa na ukweli huo muda wa kutosha.

Wachapishaji wetu wamezoea kitabu cha mtoto kifunge kwa onyo. Kitabu kikitarajiwa kupata ithibati ya kutumika shuleni, mwandishi hujihami mapema kwa kumpa mjomba au mwalimu hotuba ya mwisho juu ya kutojaza chombo kupita kiasi. Hotuba hiyo haifai katika hadithi ya maafa. Inamtwika mtoto wajibu usio wake, kana kwamba yeye ndiye aliyekata tiketi zilizozidi. Mwonyesheni mtoto karani wa bandari akikunja daftari lake kabla foleni haijaisha, muonyesheni baba anayepandisha godoro la mahari ya bintiye juu ya magunia, na mumwache aone mwenyewe chombo kikikaa chini majini kuliko alama iliyochorwa ubavuni. Atajua nani wa kumuuliza.

Usahihi nao una uzito wa pekee kwa msomaji wa pwani na wa ziwani. Anayeandika juu ya MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, hawezi kuleta upepo wa kaskazi, kwa sababu mwezi huo ni wa kusi na kila mtoto wa mvuvi atakitupa kitabu hapo hapo. Hawezi pia kuyafanya maji ya Ziwa Victoria yawe na chumvi midomoni mwa wanaozama. Ajifunze tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, ajue ngalawa inavyokaribia mtu aliye majini bila kumgonga, na ajue kwamba aliyeshikilia kitu usiku kucha mara nyingi vidole vyake havifunguki hata baada ya kuokolewa. Kisha aeleze mwishoni mwa kitabu, kwa kurasa mbili za wazi, kipi kilitokea na kipi amekibuni, maana mtoto akigundua baadaye kwamba alidanganywa juu ya waliokufa hatamwamini mwandishi mwingine tena.

Na jina la mtoto katika riwaya liwe la kubuni kabisa. Asichukuliwe manusura wa kweli akavishwa maneno asiyoyasema, wala marehemu aliyezikwa Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, akafanywa pambo la sura ya tano. Kilichomo katika kumbukumbu za watu kiombwe kwanza, kwa adabu ile ile tunayoitumia tunapoingia nyumba yenye msiba.

Ningepewa kuchagua pa kuanzia, ningeanzia Nungwi. Alfajiri ile wavuvi walitoka na vyombo vyao kuokota watu, na ndani ya nyumba walizoziacha walikuwamo watoto walioamshwa na kelele za ufukweni, wakaona baba anatoka bila nyavu. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na baadhi ya baba hao wangali hai, wanakaa barazani jioni. Wanakumbuka nani aliitwa kwanza, chombo gani kilikosa mafuta, na walichowaambia wale waliokuwa hawataki kuachia magodoro. Hao ndio wa kwenda kukaa nao, na kwa kuwa miaka inawapita, kukaa huko kusingojee shindano la uandishi wala mfadhili.